Tukiondoa pesa, nani atashika daftari?

Kwenye kijiwe chetu cha kahawa mada huingia bila hodi. Jioni ile iliingia kwa klipu ya simu: Elon Musk yuko jukwaani Washington, Novemba 2025, anasema akili mnemba na roboti zikishafika mbali, kufanya kazi kutakuwa hiari na pesa zenyewe zitakosa maana. Mzee mmoja akasonya. Kijana wa bodaboda akasema mbona pesa zimeshaondoka siku nyingi, yeye wiki nzima hajashika noti, abiria wote wanamrushia kwenye simu. Wa tatu akaongeza kwamba hata mababu zetu waliishi bila pesa, mtu anatoa mbuzi anapewa mahindi, kwa hiyo tunarudi tulikotoka. Muuza kahawa, ambaye alikuwa anawadai wote watatu, alinyamaza.

Tatizo la mjadala ule ni kwamba kila mmoja alikuwa na "pesa" yake kichwani. Tuzitenganishe kwanza, ndipo tuulize kama uchumi usio na pesa unawezekana.

Fedha taslimu ni noti na sarafu. Kijana wa boda amezikosa hizo, basi. Elfu mbili iliyoingia kwenye simu yake ni pesa ileile, imevua nguo tu. Tangu M-Pesa ianze Kenya Machi 2007 na kuvuka kuja Tanzania mwaka uliofuata, utaratibu ni mmoja: salio unaloliona kwenye simu lina mwenzake aliyelala benki. Na anayedhani pesa ya simu si pesa akumbuke Julai 2021, serikali ya Tanzania ilipoweka tozo kwenye miamala, jinsi watu walivyorudi kubeba noti mfukoni. Tozo inajua pesa ilipo hata ikivaa nguo gani.

Uchumi usio na pesa ni jambo jingine kabisa. Ni watu kulima, kujenga, kutibu na kusafirisha bila mshahara, bila bei, bila kitu chochote cha kulipia wala cha kupimia.

Neno "kupimia" ndilo linalosahaulika. Pesa ina kazi tatu, na misafara ya karne ya 19 inazionyesha vizuri kuliko benki yoyote. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji haukubeba noti. Ulibeba waya, ushanga na merikani, kile kitambaa cha pamba kilichofika Unguja kwa meli za wafanyabiashara wa Marekani, ndiyo asili ya jina. Merikani ilipimwa kwa mkono, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka, minane ni doti. Ukinunua mtama Ugogo, unalipa kitambaa. Ukipita kwa mtemi, unatoa hongo kwa kitambaa (zamani zile hongo ilikuwa ushuru wa njia, maana yake ya leo imekuja kuchafuka). Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya pesa, kulipia. Ya pili ni kupima: mbuzi na mzigo wa chumvi havifanani kwa lolote, lakini ukisema huyu ni doti mbili na ule ni doti tatu, umevilinganisha. Ya tatu ni kutunza, kwa sababu kitambaa hakiozi kama ndizi. Ukifika Ujiji unakuta sokoni wana hesabu zao za ushanga ulioitwa sofi. Buganda walihesabu kwa kauri. Leo khanga bado tunanunua kwa doti, na neno pesa lenyewe tulilipata kwa Wahindi, kwenye paisa yao.

Ina maana gani kwa mada yetu? Kwamba kufuta shilingi ni rahisi. Ni tangazo moja tu kwenye gazeti la serikali. Kazi tatu za shilingi ndizo hazifutiki kwa tangazo. Zitatafuta kitu kingine cha kupanda.

Sasa yule wa tatu na mbuzi wake. Kubadilishana mali kwa mali kulikuwepo, hasa kati ya watu wasiojuana: wavuvi na wakulima, wafugaji na wahunzi. Lakini kwamba vijiji vizima viliishi hivyo, kila asubuhi mtu anazunguka na mbuzi akitafuta mwenye mahindi anayetaka mbuzi, hilo ni hadithi ya vitabu vya shule. Mwanaanthropolojia Caroline Humphrey aliandika mwaka 1985 kwamba hakuna uchumi wa mali kwa mali tupu uliowahi kushuhudiwa na kuelezwa, sembuse pesa kuzaliwa kutoka humo.

Ndani ya kijiji mambo yalikwenda vingine. Chumvi ikikuishia, unamtuma mtoto kwa jirani na kikombe. Jirani hatoi bei. Anatoa chumvi, halafu anakumbuka. Siku ya kulima shamba lako wenzako wanakuja kwa zamu, ujima au msaragambo, na usipofika zamu ya mwenzako hakuna faini, ila siku yako utashangaa watu walivyochelewa. Nenda hata leo kwenye msiba, angalia pale mlangoni: meza, kitambaa cheupe, na mtu mwenye mwandiko mzuri. Anaandika fulani elfu kumi, fulani debe la mahindi, mama fulani kuni mzigo mmoja. Hakuna anayesema hayo ni madeni, na ukisema utaonekana huna adabu. Lakini familia italitunza daftari lile, na siku fulani akifiwa litafunguliwa.

Huko Mesopotamia, mabamba ya udongo yenye madeni ya fedha (madini yale meupe, si noti) na shayiri yalitangulia sarafu za kwanza kwa zaidi ya miaka elfu. Daftari ni kaka wa pesa, kaka mkubwa. Kwa hiyo ninapomsikia mtu anasema tunaweza kuishi bila pesa, simbishii. Namuuliza nani atashika daftari.

Kuna himaya, dola kubwa, iliyolijibu swali hilo, nayo ni ya Wainka, milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, kabla ya Wahispania kumteka mtawala wao Atahualpa kule Cajamarca mwaka 1532. Watu mamilioni, barabara za makumi ya maelfu ya kilomita, mji mkuu Cusco, jeshi, majumba ya mawe yasiyopitisha hata wembe kati ya jiwe na jiwe. Sarafu, hakuna. Kodi ililipwa kwa jasho: kila kaya ilitoa zamu ya kazi, iitwayo mita, ikalime mashamba ya dola, ikafume nguo, ikachonge mawe, ikapigane. Walipokuwa zamu, dola iliwalisha na kuwanywesha pombe ya mahindi. Mavuno yaliingia kwenye maghala. Pale Cotapachi pekee, karibu na mji wa Cochabamba, Bolivia ya leo, yalijengwa maghala kama 2,400 yakiwa yamepangwa safu kwa safu mlimani. Mahali fulani mvua ikikosa, ghala linafunguliwa.

Nani alishika daftari? Walikuwa na wataalamu wa khipu, kamba zenye mafundo. Kamba kuu moja, zinaning'inia kamba ndogo kadhaa, aina ya fundo na mahali lilipo ndiyo tarakimu. Kaya zilipangwa kwa makumi, mamia, maelfu, mpaka elfu kumi, kila ngazi na mkubwa wake, kila mkubwa na hesabu yake. Hawakuwa na pesa kwa sababu walikuwa na sensa, na watu wa kuisimamia.

Hapo ndipo pa kutulia kidogo. Mfumo ule ulifanya kazi, na wale wanaosema uchumi mkubwa bila pesa haujawahi kuwepo wamekosea. Lakini angalia bei yake, kama neno bei linafaa hapa. Hukuchagua ulime nini wala ukaishi wapi. Dola ilihamisha jamii nzima kutoka bonde moja hadi jingine ilipoona inafaa. Nguo nzuri za sufu zilikwenda kwa wakubwa. Na bado pembezoni mwa dola, upande wa pwani ya Ekwado, wafanyabiashara walitumia vishoka vyembamba vya shaba ambavyo watafiti wengi wanaviona kuwa pesa.

Wapo wanaosema pesa ndiyo mama wa tamaa, ikiondoka roho zitatulia. Hao wawaulize watu wa Kamboja. Khmer Rouge, waasi wa Kikomunisti, walipoingia mji mkuu Phnom Penh Aprili 1975 walifuta pesa, masoko na mishahara, wakalipua jengo la Benki Kuu. Noti mpya walikuwa wameshachapisha, wakaamua kutozitumia. Mji ulihamishiwa mashambani, watu wakala kwenye mabwalo, na aliyeshika daftari la mchele alishika uhai wa mwenzake. Kufikia Januari 1979 walikuwa wamekufa watu takriban milioni 1.7, kwa njaa, magonjwa na kuuawa. Sisemi kufuta pesa ndiko kulikowaua, utawala ule ulikuwa na sababu nyingi za kuua. Ila mtu asiye na pesa hana hata namna ya kuhama jiko. Akikataliwa chakula kwenye bwalo la chama, hakuna genge la pili. Utawala ulipoanguka, watu walianza kununuliana vitu kwa mchele uliopimwa, kwa dhahabu, kwa pesa za Vietnam na Thailand, na mwaka 1980 serikali mpya ilipotoa riel mpya ilibidi kuzigawa bure kwanza, maana hapakuwa na mtu mwenye kitu cha kubadilisha.

(Hapa huwa kuna anayeuliza: na sisi je, Azimio la Arusha? Azimio la Februari 1967 halikufuta pesa. Lilisema pesa si msingi wa maendeleo, ni matunda yake. Msingi ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Ni hoja tofauti, na bado inabishaniwa.)

Kibbutz za Israeli, vijiji vya kuishi na kufanya kazi kwa pamoja, zilikuwa za hiari, kwa hiyo ni mfano wa haki zaidi. Ya kwanza, Degania, ilianzishwa 1910. Unafanya kazi uliyopangiwa, unakula bwalo la pamoja, nguo zinafuliwa pamoja, hakuna mshahara. Iliwezekana kwa mamia ya watu wanaojuana kwa majina na wanaoamini jambo moja, huku lango la nje likiuza machungwa kwa pesa kama kampuni nyingine. Madeni ya miaka ya 1980 yakawayumbisha, na baada ya hapo nyingi zikaingiza mishahara inayotofautiana. Degania yenyewe ilikubali mwaka 2007.

Mfano ninaoupenda kuliko yote lakini hauhusu mapinduzi wala dola. Unahusu vyakula vya msaada. Marekani kuna mtandao mkubwa wa ghala za kuwagawia chakula wasionacho, leo unaitwa Feeding America. Makampuni yanautolea mzigo: lori la viazi hapa, kontena la siagi ya karanga kule. Kwa miaka mingi makao makuu yaligawa kwa foleni. Ghala iliyofikiwa na zamu inapigiwa simu: kuna lori la viazi, mnataka? Ni haki tupu, hakuna pesa, kila mtu na zamu yake. Kumbe viazi vinaweza kupelekwa Idaho, jimbo linalolima viazi mpaka vinamwagika. Ghala iliyo karibu na kiwanda cha maziwa inapewa maziwa. Ukikataa, zamu imekupita. Makao makuu hayakuwa na ubaya wowote. Hayakujua tu ghala gani ina nini kwenye rafu zake asubuhi ile.

Mwaka 2005, kwa msaada wa wasomi wa Chuo Kikuu cha Chicago, walibuni kitu walichokiita hisa. Kila ghala ilipewa hisa kulingana na wingi wa wahitaji wake, na kila siku mizigo ikapigwa mnada. Hisa hazinunui chochote nje ya mtandao ule. Ghafla ikajulikana nafaka za kifungua kinywa na siagi ya karanga zinagombaniwa, na mboga zinazooza haraka hazina mwenyewe. Mizigo mingine ilichukuliwa kwa bei hasi, yaani unaongezewa hisa ukikubali kuiondoa. Ghala ndogo zilijifunza kulimbikiza hisa zinunue mzigo mmoja wa maana. Watu wa hisani, waliochukia habari za soko, walijikuta wametengeneza pesa. Waliifanya kwa sababu hawakuwa na njia nyingine ya kuambizana nani anahitaji nini zaidi.

Ni jambo hilohilo ambalo mchumi wa Austria, Ludwig von Mises, alilishikilia mwaka 1920, Warusi walipokuwa wanajaribu kuendesha nchi kwa mgao. Saruji moja inaweza kujenga zahanati, kalavati au choo cha shule. Vyote ni vizuri. Bila bei, utajuaje ni kipi kinachokula zaidi kuliko kinachotoa?

Jibu la siku hizi ni kompyuta. Mashine inajua kila ghala, kila shamba, kila mgonjwa, inapiga hesabu na kutuambia saruji iende wapi. Silicheki hata kidogo, ila historia yake ina kichekesho. Miaka ya 1930 mwishoni, kiwanda cha mbao za plaiwudi Leningrad, Muungano wa Kisovieti, kilimfuata mwanahisabati kijana Leonid Kantorovich: tuna mashine za aina hizi na magogo ya aina hizi, tugawe kazi vipi tupate mbao nyingi? Akavumbua hesabu ya kupanga, ikachapishwa 1939, na mwaka 1975 ikampatia sehemu ya tuzo ya Nobel ya uchumi. Lakini kila ukifanya hesabu ile mpaka mwisho, pembeni mwa jibu zinatokea namba nyingine ambazo hukuziomba: kila gogo na kila saa ya mashine ina namba inayosema ukikosa hiki unapoteza kiasi gani. Kwa lugha ya sokoni, hiyo ni bei. Wakubwa wa itikadi hawakufurahi. Walitaka mpango usio na bei, hisabati ikawaletea bei kupitia mlango wa nyuma.

Basi tuje kwa Musk na roboti zake. Kama roboti watalima, watashona na watajenga, vitu vingi vitashuka bei mpaka kukaribia bure, hilo silipingi. Tayari vipo: ujumbe ambao zamani ulilipiwa kwa neno kwenye simu ya maandishi leo unaupeleka Muscat au Minneapolis kwa sehemu ndogo ya bando. Kwenye hotuba ileile Musk alitaja kwamba umeme na malighafi vitaendelea kuwa na ukomo. Klipu ya kijiweni ilikatwa kabla ya hapo. Mimi ningeongeza ardhi. Roboti anaweza kukujengea ghorofa kumi kwa mwezi, lakini hawezi kurefusha Mtaa wa Kongo pale Kariakoo hata kwa fremu moja. Fremu zikiwa mia na wanaozitaka elfu, ama zitakwenda kwa bei, ama kwa foleni, ama kwa bahati nasibu, ama kwa kujuana. Tunaichukia bei mpaka siku tunapokutana na hicho cha mwisho.

Hata hivyo nisionekane mtetezi wa noti. Kuna maeneo ambayo uchumi bila pesa si ndoto, upo na unafanya kazi. Wikipedia ilianza 2001, ya Kiswahili ikafuata 2003, na waandishi wake hawalipwi. Seva ndizo zinazolipiwa kwa michango. Figo karibu kila nchi ni marufuku kuuza, isipokuwa Iran, kwa hiyo mchumi Alvin Roth na wenzake walitengeneza utaratibu wa kubadilishana: figo yangu haimfai mke wangu, yako haimfai mumeo, lakini yangu inamfaa mumeo na yako inamfaa mke wangu. Kompyuta inatafuta jozi, hakuna senti inayopita. Roth alipata Nobel mwaka 2012. Ukichunguza utaona vinavyofanana: kitu kinachogawiwa ni cha aina moja, anayekihitaji anajulikana, na wote wamekubaliana sheria ya kugawa. Damu, elimu, chanjo, maji ya bomba la kijiji, vinaweza kuingia humo, na mahali pengi vimeingia. Viatu, nyumba na nyanya vinashindwa kuingia, kwa sababu hakuna anayejua mguu wa mwenzake.

Na kuna njia ya kati ambayo haitajwi sana. Mwaka 2013, mtaa wa Bangladesh, Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia vocha zao wenyewe, Bangla-Pesa, kwa siku ambazo shilingi imekauka: muuza maji ana maji, mama ntilie ana chakula, hakuna mwenye shilingi, wanakopeshana kwa vocha. Polisi waliwakamata waanzilishi kwa madai ya kughushi, baadaye mashtaka yakafutwa. Walichofanya ni kulitoa daftari la kijiwe hadharani wakaligeuza karatasi.

Muuza kahawa wetu analo la kwake. Ni lile daftari dogo la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na hatumii majina: "Boda", "Mwalimu", "Mzee Miwani". Jioni ile kijana wa boda alipata abiria akaondoka kabla hatujafika kwa roboti. Alikuwa amekunywa vikombe vinne, nilimhesabia. Muuza kahawa akalamba kidole, akafungua ukurasa, akaandika vitatu. Nikamwambia amekosea. Akasema: sijakosea, asubuhi kijana alimpeleka mama yangu zahanati, hakumtoza.